Je, Mnamtumaini Mungu Pamoja?



Mimi na mke wangu husaidia kuwafundisha wachumba parokiani kwetu. Siku ya mwisho ya mafundisho huwa twawauliza maswali mawili. La kwanza ni hili: "Je, wewe unamtumaini Mungu?" Wote hujibu ndiyo, tena kwa sauti. Kisha twauliza la pili: "Huyu uliyeketi naye, je, anajua ni jambo gani unalomwomba Mungu siku hizi?" Hapo kimya huingia. Mmoja hutazama dari, mwingine hucheka kidogo, mwingine hucheza na pete ya uchumba. Hatuwalaumu. Sisi wenyewe tuliishi katika ndoa miaka mingi bila kuweza kulijibu swali hilo.

Wengi wetu twadhani kwamba kumtumaini Mungu ni jambo la mtu na Muumba wake peke yao, na kwamba mume au mke hana sehemu ndani yake. Ni kweli kwamba imani ni ya kila mtu kwanza. Mke hawezi kuamini kwa niaba ya mume. Nasema hivyo kwa sababu wako wanaume wengi, hata katika Jumuiya yetu Ndogo ya Kikristo, ambao ukiwauliza habari za sala husema, "Mama watoto yuko huko kwa ajili yetu sote," kana kwamba imani ni kadi ya bima ambayo mmoja akilipa, nyumba nzima yatibiwa. La, ndugu yangu. Lakini pia ni kweli kwamba siku ile mliposimama mbele ya altare na kupeana neno lenu, imani yako ilipata mahali papya pa kupimwa. Utajuaje kama wamtumaini Mungu usiyemwona? Tazama kwanza jinsi unavyosema kweli kwa huyu unayelala naye kitanda kimoja.

Nitawaeleza yaliyonipata, ingawa si habari ya kujivunia.

Mwaka 2004 nilikuwa karani wa ghala katika kampuni moja mjini Nairobi. Nilikuwa nimefanya kazi hapo miaka 11. Ijumaa moja tuliitwa ofisini mmoja mmoja, na kila mmoja akapewa bahasha. Mimi na wenzangu wengi tulikuwa tumepunguzwa kazini. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa ameingia kidato cha kwanza mwaka huohuo, na wa pili alikuwa bado katika shule ya msingi. Mke wangu alikuwa na kibanda cha mboga karibu na stegi: sukuma wiki, nyanya, vitunguu, na kabichi siku za soko.

Sikumwambia. Nilisema moyoni, nitamwambia Jumatatu, nisimharibie Jumapili. Jumatatu ilipofika nilivaa shati lililopigwa pasi, nikapanda matatu kama kawaida, nikashuka mjini bila mahali pa kwenda. Nikaketi katika Bustani ya Jeevanjee. Mkazi yeyote wa Nairobi anaijua bustani hiyo na watu wake: wasio na kazi waliofungua gazeti kwenye ukurasa wa nafasi za kazi, na wahubiri wa saa ya chakula cha mchana. Nami nikawa mmoja wao kwa muda wa wiki sita.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo lilipo fundisho langu. Katika wiki zile sita nilisali kuliko wakati wowote mwingine wa maisha yangu. Nilihudhuria Misa ya mchana katikati ya juma, jambo ambalo sikuwahi kulifanya nilipokuwa na kazi. Nilisali Rozari Takatifu nikiwa kwenye benchi, mkono mfukoni ili watu wasione. Mtu angeniona angesema, "Huyu ni mtu wa imani." Lakini ombi langu lilikuwa lipi? "Ee Mungu, nipatie kazi nyingine kabla mke wangu hajajua." Nilikuwa namwomba Mungu anisaidie kuficha. Nilitaka awe mshiriki wa uongo wangu, kisha nikashangaa kwamba yuko kimya.

Siku moja mhubiri wa pale bustanini aliniambia kwamba Mungu hanijibu kwa kuwa sijapanda mbegu. Nikampa shilingi 200. Zilikuwa nauli yangu ya siku tatu. Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani, nikamwambia mke wangu kwamba barabara ilikuwa na msongamano.

Wiki ya tatu nilikwenda kuungama. Niliungama kwamba namdanganya mke wangu. Padre hakunigombeza. Aliniambia tu, kwa upole, kwamba nikitoka pale niende nikamwambie. Nikaitikia, nikasali malipizi yangu, nikatoka nimepata amani kubwa. Amani ile ikadumu mpaka nilipofika mlangoni kwangu. Nilimwona ameinama jikoni, nikasema, nitamwambia kesho.

Wiki ya sita, jioni, alirudi kutoka kibandani na viatu vipya vya shule vya mtoto wetu wa pili. Viatu vya ngozi, vizuri, si vya mtumba. Sijui ni nini kilichonipanda. Nadhani mtu mwenye siri huona siri kila mahali. Nikamwuliza kwa ukali, mbele ya watoto, "Hizi pesa umezitoa wapi?"

Hakujibu papo hapo. Aliwatuma watoto nje. Kisha akasema, "Baba watoto, mimi naweza kukwambia viatu hivi vimetoka wapi. Je, wewe waweza kuniambia kila asubuhi unakwenda wapi?"

Alikuwa amejua kwa wiki tatu nzima. Mama mmoja wa Jumuiya, ambaye mumewe alipewa bahasha siku ileile kama mimi, alimpa pole akidhani anajua. Na viatu? Alikuwa amelipwa zamu yake ya chama. Kwa wiki tatu alikuwa akinipigia shati pasi kila usiku, akijua kwamba shati hilo linakwenda kuketi bustanini. Alikuwa akisali novena kwa Mtakatifu Yosefu, si nipate kazi, bali nifungue kinywa.

Hebu ionyesheni picha hiyo mioyoni mwenu. Watu wawili waliofunga ndoa Kanisani, kitanda kimoja, blanketi moja, kila mmoja anamwomba Mungu kwa machozi juu ya jambo lilelile, na kila mmoja amempa mwenzake mgongo.

Baadaye niligundua kwamba picha hiyo imo ndani ya Biblia. Ni katika Kitabu cha Tobiti. Wengi wenu mnakijua kwa sababu ya sala ya Tobia na Sara, ile isomwayo mara kwa mara katika Misa za harusi. Ni somo zuri, nasi twalipenda. Lakini kuna wenzi wengine katika kitabu hicho ambao hawasomwi harusini, nao ni wazazi wa Tobia, yaani Tobiti na mkewe Ana. Ningekuwa na uwezo, ningewasomea wana ndoa habari zao kila mwaka siku ya kukumbuka arusi yao.

Tobiti alikuwa mtu mwema kabisa. Akiwa uhamishoni Ninawi aliwalisha wenye njaa, aliwavika walio uchi, na aliwazika maiti wa taifa lake hata ilipokuwa hatari kufanya hivyo. Kisha akapofuka, baada ya mavi ya ndege kumwangukia machoni alipokuwa amelala uani. Matabibu walimpaka dawa, hali ikazidi kuwa mbaya. Alikaa bila kuona miaka 4. Ana akalazimika kufanya kazi ya kufuma kwa malipo ili nyumba ipate chakula. Siku moja wenye kazi waliridhika naye, wakamlipa ujira wake, na juu yake wakamwongezea mwana-mbuzi.

Tobiti alimsikia mbuzi akilia. Akauliza ametoka wapi, akamshuku mkewe kwamba ni mbuzi wa wizi, akamwamuru amrudishe kwa wenyewe. Ana akaeleza kwamba amepewa zawadi. Tobiti hakusadiki. Akazidi kukasirika. Ndipo Ana naye, aliyechoka, akamwuliza sadaka zake na matendo yake ya haki viko wapi sasa. Maneno makali! Lakini ni nani miongoni mwetu ambaye hajasikia, au hajasema, maneno ya namna hiyo mwisho wa mwezi?

Tazameni linalofuata. Tobiti hakumgeukia mkewe. Alimgeukia Mungu, akalia, akasali sala ndefu sana akiomba afe. Ni sala ya mtu mwenye imani, hapana shaka. Anakiri kwamba Mungu ni mwenye haki. Anaungama dhambi zake na za wazee wake. Lakini ndani yake hamtaji Ana kwa jina, wala yule mbuzi. Mtu huyu aliyemtumaini Mungu katika mambo makubwa, hata kuhatarisha maisha yake, hakuweza kumsadiki mke wake katika jambo la mbuzi mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo huenda mlilipita bila kuliona. Siku ileile Tobiti akakumbuka kwamba ana talanta 10 za fedha alizoziweka amana kwa ndugu mmoja huko Umedi, miaka 20 iliyopita! Kwa haki yake tuseme kwamba njia za kwenda Umedi zilikuwa za hatari, na hakuweza kuzifuata. Hata hivyo, ninapofika hapo huwa najiuliza kama Ana, akiinama juu ya kazi yake ya kufuma, alijua habari za fedha hizo. Kitabu hakisemi. Kinachosema ni kwamba Tobiti alimwita mwanawe na kumwambia.

Na Mungu je? Mungu hakungoja Tobiti awe mume mkamilifu. Kitabu chasema kwamba sala yake, pamoja na sala ya Sara aliyekuwa akilia mbali kule Ekbatana, zilisikika kwa wakati mmoja, na malaika Rafaeli akatumwa. Hilo lanifariji sana. Mungu alisikia hata sala zangu za bustanini. Lakini jibu lake halikuja kwa njia niliyoielekeza. Lilikuja na viatu vya mtoto.

Usiku ule mke wangu alisema, "Tusali." Mtaona ajabu nikiwaambia kwamba hatukujua namna ya kuanza. Rozari tulikuwa tukiisali na watoto mwezi wa Oktoba, na Baba Yetu kabla ya kulala. Lakini kusali kwa maneno yetu wenyewe, mimi na yeye, kwa sauti, hatukuwahi tangu tuoane. Niliona haya kuliko siku ya kwanza nilipomchumbia. Mwishowe nikasema, "Bwana, nimeogopa." Nikakwama hapo. Yeye akasema, "Nami pia." Tukanyamaza. Hiyo ndiyo iliyokuwa sala yetu yote.

Msifikiri kwamba asubuhi yake simu ililia na kazi ikapatikana. Shuhuda za namna hiyo zipo, nami sizikatai, lakini yetu haikuwa hivyo. Nilikaa bila ajira muda wa miezi 14. Mtoto wa kidato cha kwanza alirudishwa nyumbani wiki mbili kwa sababu ya karo, hadi tulipokwenda wote wawili kwa mwalimu mkuu tukakubaliana kulipa kidogo kidogo. Nilianza kuamka saa kumi za usiku kwenda Marikiti kumnunulia mke wangu mboga, na kuzibeba hadi kibandani. Wanaparokia walipita wakaniona na gunia la kabichi begani, mimi niliyekuwa nikisoma masomo Jumapili nimevaa tai. Mara ya kwanza nilijifanya sikuwaona. Ile haya ndiyo niliyokuwa nimeikimbia wiki zote sita. Sikuogopa njaa hasa. Niliogopa kuonekana mdogo machoni pa mke wangu. Na kumbe machoni pake, kama alivyoniambia siku moja tukipanga nyanya, nilikuwa mdogo siku zile nilipokuwa nimevaa tai.

Basi, kumtumaini Mungu katika maisha ya kila siku ni nini? Katika sura ya 6 ya Injili ya Mathayo, Yesu anapotuambia tusihangaike juu ya chakula na mavazi, hasemi kwamba hatuvihitaji. Asema kwamba Baba yetu anajua kuwa twavihitaji. Mkazo wake uko katika kujua. Baba anajua. Basi, ikiwa Mungu anaijua hali yangu yote, hofu yangu na deni langu na ujinga wangu, na bado ananiita mwanawe, mbona niogope mke wangu akijua sehemu yake? Mwenye kuficha hali yake, hata akiwa mtu wa sala, bado hajasadiki kwamba anapendwa alivyo.

Tena wakumbukeni Waisraeli jangwani, katika sura ya 16 ya Kutoka. Waliambiwa waokote mana ya siku moja. Waliobakiza hadi asubuhi walikuta imeingia mabuu na kunuka. Mungu aliwafundisha kutumaini kwa kipimo cha siku. Wana ndoa wengi twataka Mungu atupe uhakika wa miaka 10, karo yote na kiwanja juu yake, ndipo tutulie. Yeye atoa ya leo, na kesho tuje tena. Hii haina maana tusiweke akiba. Mweke akiba, mwingie katika chama cha akiba na mikopo, mlime. Yule asemaye "Mungu atatenda" huku ameketi kivulini akingoja kulishwa na mkewe hamtumaini Mungu, anamtumia.

Siku hizi kuna njia za kuficha ambazo sisi wa mwaka 2004 hatukuwa nazo. Mtu aweza kukopa kwa simu usiku wa manane, mkewe amelala kando yake. Aweza kukopa kwa huyu amlipe yule, au kuweka pesa za karo kwenye kamari ya mpira akisali kimoyomoyo timu fulani ifunge bao. Wake nao wana mikopo ya vikundi ambayo waume hawaijui, hadi siku wanakikundi wanapokuja kubeba makochi. Tumekutana na wenzi wa namna hii katika mashauri yetu mara nyingi, na karibu wote ni watu wa Kanisa. Ukimwuliza mhusika, atakwambia, "Nilikuwa naomba Mungu anifungulie njia nilipe kabla hajajua." Ni sala yangu ileile ya Jeevanjee.

Kanisa limetufundisha vizuri juu ya jambo hili, ingawa mafundisho hayo mara nyingi hubaki kabatini. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika wosia wake juu ya familia, *Familiaris Consortio*, wa tarehe 22 Novemba 1981, alieleza kwamba sala ya familia hupata mambo yake katika maisha yenyewe ya nyumba: furaha na huzuni, kuzaliwa na kufiwa, kuondoka na kurudi. Maana yake ni kwamba barua ya kufutwa kazi ni jambo la sala, na madeni ya dukani pia. Ni Baba Mtakatifu huyohuyo aliyekuja Nairobi Agosti 1985 kwa ajili ya Kongamano la Ekaristi la Kimataifa, ambalo mada yake ilikuwa juu ya Ekaristi na familia ya Kikristo. Wazee wengi wa parokia zetu bado husimulia jinsi umati ulivyojaa Uhuru Park. Na hayati Papa Fransisko, katika *Amoris Laetitia* wa mwaka 2016, aliomba jambo dogo tu: dakika chache kila siku za kuwa pamoja mbele ya Mungu na kumweleza yale yanayotusumbua.

Dakika chache. Mimi na mke wangu hufanya hivi. Watoto wakishalala (sasa wamekwisha kuondoka, nyumba ni kimya mno), twazima redio na kuweka simu mbali. Kila mmoja amshukuru Mungu kwa jambo moja la siku ile, jambo halisi, si "asante kwa uhai" peke yake. Kisha kila mmoja amwambie Mungu, kwa sauti, jambo moja linalomtia hofu. Mwisho ni Baba Yetu, tumeshikana mikono. Siku tuliyogombana twaruka yote na kusali Baba Yetu tu, na wakati mwingine twafika pale pa kusamehe tukasimama kidogo kabla ya kuendelea.

Jihadharini na mambo mawili. La kwanza, msihubiriane. Kusema, "Ee Bwana, umguse huyu mume wangu aache pombe na aanze kurudi mapema," hiyo si sala. Ni lawama iliyofumba macho. Useme hofu yako mwenyewe: "Bwana, naogopa ninapokaa peke yangu usiku." La pili, aliyoyasema mwenzako mbele ya Mungu yasirudi kama ushahidi siku ya ugomvi. Ukilifanya hilo mara moja tu, atafunga kinywa chake, nawe utakuwa umejitakia.

Mwenzako akikataa kusali nawe, usimlazimishe, wala usimkejeli. Keti, sali maneno machache kwa sauti ya kawaida akiwa chumbani, ukaribishe, kisha uache. Mke mmoja tunayemfahamu alifanya hivyo karibu mwaka mzima. Mumewe alikuwa akigeukia ukutani. Usiku mmoja alisikia kutoka ukutani "Amina," basi. Kwa wale wanaoishi na mwenzi apigaye, au ambao wana sababu ya kweli kuhofia maisha yao wakisema jambo fulani, maneno yangu yasiwatie hatarini. Waanze kwa padre, au kwa mzee wanayemwamini, na watafute mahali pa usalama. Mungu hamtaki mtu yeyote athibitishe imani yake kwa kupokea mapigo.

Labda utasema wenzi watakatifu ni wa vitabuni. Tarehe 18 Oktoba 2015, Papa Fransisko aliwatangaza kuwa watakatifu Louis na Zélie Martin wa Ufaransa, wazazi wa Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Walikuwa wenzi wa kwanza kutangazwa watakatifu pamoja. Louis alikuwa fundi wa saa. Zélie aliendesha kazi ya kufuma nyavu za urembo, na kazi yake ilistawi kuliko ya mumewe. Mwaka 1870 Louis aliacha duka lake la saa ili amsaidie mkewe katika biashara yake. Walipata watoto 9, wakazika 4 wakiwa bado wadogo. Zélie alikufa kwa saratani ya matiti mwaka 1877, Teresia akiwa na miaka 4 tu. Huwa nafikiri juu ya Louis akibeba vitu vya mke wake, na kwa kweli hunikumbusha kabichi.

Basi, jioni moja juma hili, fungueni Kitabu cha Tobiti. Mkikosa katika Biblia mliyo nayo, azimeni kwa katekista, kwa maana Biblia nyingi za ndugu zetu Waprotestanti hazina kitabu hicho. Someni kwa sauti kuanzia sura ya 2, aya ya 11, hadi sura ya 3, aya ya 6. Mume asome maneno ya Ana, na mke asome ya Tobiti, msibadilishane. Kisha kila mmoja amwambie mwenzake ni jambo gani ambalo Tobiti hakulijua juu ya Ana siku ile, na ni lipi Ana hakulijua juu ya Tobiti. Zungumzeni habari zao kwanza. Habari zenu zitafuata zenyewe, labda usiku uleule, labda baada ya siku kadhaa. Wa kwanza kuanza kusema asikatizwe, hata kama chai itapoa.